Ndoa Iliyofungwa Mchezoni

Bwana Shekhan wa Mbwajumali alikuwa na mashamba mawili ya minazi, duka la bati, na binti mmoja. Mashamba aliyarithi, duka alilijenga, na binti alikuwa amekwisha kumtoa kwa mtu. Mtu mwenyewe ni Bwana Abdulqadir wa Amu, mwenye wake wawili, jahazi, na ndevu za hina. Posa ilikuja, ikapokewa, harusi ikawekwa Ijumaa ya kwanza baada ya skuli kufungwa. Hadia, mwenye kuolewa, msichana wa miaka kumi na saba, alizipata habari hizo jikoni, alipomkuta shangazi yake Radhiya akisugua masinia makubwa kwa majivu.

“Kuna harusi? Nani anaolewa?”

“Wewe,” shangazi akajibu, uso kwenye sinia. “Nishikie hicho chungu.”

Hivyo ndivyo alivyoambiwa. Alishika chungu. Alipokiweka chini mikono yake ilikuwa myeusi kwa masizi, na kwa mikono hiyo hiyo akaenda kusimama mbele ya baba yake dukani.

“Baba, mimi simtaki Bwana Abdulqadir.”

Bwana Shekhan hakukasirika. Watu wa namna yake hawakasiriki mapema, hawana haja. “Nani amekuuliza? Sheria imempa baba haki ya kumwoza mwanamwali wake bila kumuuliza. Umesoma chuoni kwa bibi yako, wajua.”

“Najua. Nimeisoma yote.”

“Basi kama umeisoma yote, nenda kanawe mikono.”

Na kweli alikuwa ameisoma. Bibi yake mzaa mama, Bi Kulthum, alikuwa akisomesha wasichana Kurani chuoni kwake, na hakuwafundisha kuimba herufi tu kama kasuku. Aliwafundisha yanayofunga ndoa na yanayoifungua. Wanaume wa Mbwajumali walidhani mle ndani wasichana wanafundishwa kutawadha.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, na serikali ilikuwa imeamua ghafla kuwapenda watu wa visiwani. Watu wa bara ilikuwa ikiwatia vizuizini kwa maelfu, wengine ikawaleta mpaka Manda, mbele ya pua ya mji wa Amu, ikawazungushia seng’enge. Watu wa Pate, kisiwa cha Mbwajumali, wao, iliwafungulia darasa la wasichana, kisha ikataka ipigiwe makofi. Bwana Disii, mkuu wa wilaya, angekuja mwenyewe kukata utepe. Mwalimu Wazir, kijana wa Mombasa aliyekuwa na moyo mkubwa na miwani iliyofungwa uzi, akaambiwa atayarishe mchezo wa kuigiza, na wasichana wawemo, ili Bwana Disii apate la kuandika.

Wasichana wawemo! Wazee wa kijiji walikutana wakakataa, wakakutana tena wakakubali, kwa sharti moja: msichana asionekane. Mwalimu Wazir akaandika mchezo ambao bibi harusi yuko nyuma ya pazia toka mwanzo mpaka mwisho. Sauti yake tu ndiyo itakayosikika. Na sauti nzuri kuliko zote skulini ilikuwa ya Hadia.

Sauti nzuri ya kiume ilikuwa ya Jeilani. Basi Jeilani akawa Sultani, anayevuka bahari kuja kumposa Zuhura, binti wa Mfalme wa Marijani. Wavulana walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu Jeilani alikuwa mjukuu wa Mabruki, na Mabruki alikuwa mtumwa wa babu yake Hadia. Serikali iliufuta utumwa kwenye karatasi mwaka wa 1907. Midomoni mwa watu haikupitisha kitambaa. Jeilani na mama yake Batuli walikuwa bado wanaishi kwenye kibanda cha makuti ndani ya shamba la Bwana Shekhan, bado wakiangua nazi zake, na bado wakiitwa “watu wetu” kwa sauti ambayo mtu huwaitia punda wake.

Hadia na Jeilani walikuwa marafiki zamani. Walikuwa wakichimba kaa pamoja kwenye mikoko, wakiumwa vidole pamoja, wakigombana juu ya nani kalia kwanza. Jeilani alijifunza herufi zake za mwanzo nje ya dirisha la Bi Kulthum, Hadia akimrudishia kwa sauti kubwa kuliko ilivyolazimu, mpaka bibi akasema, “Mwambie huyo shemeji yangu wa dirishani apite ukumbini akae, atapata homa.”

Kilichouvunja urafiki wao kilitokea katika harusi ya kaka yake Hadia, yeye akiwa na miaka kumi na moja. Alimwalika Jeilani. Jeilani akaja na kanzu ya kuazima, akakaa kwenye sinia pamoja na watoto wa ami zake Hadia, na kabla hajatia tonge mdomoni shangazi Radhiya akamwinua kwa sikio. “Wajukuu wa Mabruki sinia lao liko nyuma, jikoni. Nani kakwambia ukae hapa?” Jeilani akageuza macho kumtazama Hadia aliyesimama mlangoni. Hakusema “yule pale.” Alimtazama tu, akimngojea aseme mwenyewe.

Hadia akatazama miguu yake.

Jeilani hakwenda jikoni. Alitoka, akarudi kwao na njaa yake, na toka siku hiyo akimpita njiani humwita “Bi Hadia,” kwa adabu iliyokuwa ikikata kama ukili mbichi.

*

“Ewe nuru ya nyuma ya pazia,” Jeilani alisema siku ya kwanza ya mazoezi, “nimevuka bahari saba kuja kuisikia sauti yako.” Aliyasema kama mtu asomaye tangazo la chanjo.

“Bwana wee!” Mwalimu Wazir akajishika kichwa. “Huyu ni sultani aliyekonda kwa mapenzi, si karani wa forodha! Rudia. Ah, ngoja, wale maseremala wanafunga madawati yangu vibaya.” Akatoka mbio.

Pazia lilikuwa la kitambaa cha marekani, cheupe. Hadia aliona kivuli tu, kirefu, kimesimama.

“Bi Hadia, wakaa vizuri huko? Au nikuletee mto?”

“Jina langu walijua. Hiyo Bi iache.”

“Nilifunzwa adabu kwenu, harusini.”

Nje nyundo zilikuwa zikigonga. “Mimi ndiye niliyekualika siku ile,” Hadia akasema.

“Najua.”

“Na nilinyamaza.”

“Hilo pia nalijua. Shangazi yako sikumkasirikia, Hadia. Shangazi yako yuko vile toka kuzaliwa. Lakini yeye hakuwa rafiki yangu.”

“Nilikuwa na miaka kumi na moja.”

“Mimi kumi na miwili. Na nilikuwa na njaa.”

Angeweza kulia, na kulia kungemsaidia yeye tu. Akasogea mpaka kitambaa kikamgusa uso. “Sitasema ulikuwa utoto. Nilijua ni dhuluma nikaogopa kupigwa. Nimekukosea, Jeilani, na miaka sita yote nilikuwa nikikuona ndiani nikijua kwamba nimekukosa.”

Kivuli kikasema: “Mwalimu akirudi, sema hivyo hivyo. Ni bora kuliko alivyoandika yeye.”

Hadia akacheka, akaziba mdomo, akacheka tena. Upande wa pili naye alisikika akijizuia, akashindwa.

Kesho yake jani lililokunjwa lilipenyezwa chini ya pazia, na ndani mlikuwa na kunazi zilizoiva. Hadia akala, akamrudishia kokwa.

“Hii ndiyo shukrani ya waungwana?”

“Ndiyo. Ukileta mbichi nitakurushia za kichwa.”

Ikawa hivyo kila siku. Maneno ya Mwalimu waliyasema mbele ya Mwalimu, na yao waliyasema Mwalimu akitoka kugombana na maseremala. Na ukawadia wakati Jeilani aliposema “nimevuka bahari saba,” darasa zima likanyamaza, na Mwalimu Wazir akavua miwani akaipangusa, akidhani amemfundisha vizuri.

Nyumbani shangazi Radhiya aliendelea kusugua masinia.

*

Kosa alilifanya Bwana Shekhan, na alilifanya kwa kiburi, kwa maana hakuwa na kifaa kingine cha kufanyia mambo.

Mfalme wa Marijani alikuwa aigizwe na fundi cherehani wa kijijini, mtu mzima mwenye tumbo la kifalme. Habari zikamfikia Bwana Shekhan, naye akaingia skulini na viatu vyake vya mlio, katikati ya mazoezi.

“Mwalimu, nani amemwambia huyu cherehani kuwa ana binti?”

“Bwana Shekhan, ni mchezo tu, yeye ni...”

“Sauti ya mwanangu itoke nyuma, halafu mbele pakae mwanamume mwingine aseme ‘binti yangu’? Katika nti hii? Nami niko hai? Shuka, fundi. Hapo nitakaa mimi.”

Mwalimu Wazir alifurahi. Maskini, alikuwa mgeni. “Vyema sana! Maneno yako ni haya: ‘Mimi, Mfalme wa Marijani, namwoza binti yangu Zuhura kwa Sultani...’”

“Mimi si mfalme wa marijani wala wa kaa. Wala sina binti anayeitwa Zuhura. Kuigiza ni kazi ya watoto na wahuni, Mwalimu. Mimi siigizi. Nitakaa, nitasema nimekuoza binti yangu, basi, mtu akate kiu yake.”

“Na mkwe wako ndiye huyu, Jeilani.”

Bwana Shekhan alimtazama Jeilani toka kilemba cha karatasi mpaka miguu mitupu, akacheka kwa dhati. “Huyu? Huyu hata nikimpa binti wa mchezoni, atalala kwao kwenye makuti. Mchezo ni mchezo.”

Nyuma ya pazia Hadia aliacha kutafuna kunazi. Mchezo ni mchezo, lakini si katika kuoa. Bi Kulthum aliwakalisha chini siku nzima kwa jambo hilo: mambo mengi mtu anaweza kuyasema kwa mzaha kisha akayafuta, kuoa na kuacha hayafutiki. Baba akisema nimekuoza, kijana akisema nimekubali, mashahidi wakasikia, imekwisha, hata kama wote wanacheka. Mwenye kusoma maneno ya mtu mwingine ana udhuru wake. Baba yake amekataa kusoma maneno ya mtu mwingine.

Angeweza kupasua pazia akamwambia. Alitafuna kunazi yake mpaka mwisho, akanyamaza. Safari hii alikuwa anajua ananyamazia nini.

Lakini kwa Jeilani hakunyamaza. Alingoja Mwalimu atoke, akamweleza kwa sauti ya chini, moja baada ya moja.

“Kwa hiyo mimi ni komeo,” Jeilani akasema. “Wataka kunitia mlangoni ili Abdulqadir asiingie.”

“Ndiyo.”

“Wasema ‘ndiyo’ hivihivi?”

“Sitakudanganya mara ya pili. Ndiyo, mlango wangu wataka komeo. Na mimi nakutaka wewe. Yote mawili ni kweli. Ingekuwa la kwanza peke yake, nisingekuambia. Ningekuacha useme ukidhani unacheza.”

“Baba yako atatutoa shambani.”

“Atawatoa.”

“Mamangu ana miaka arobaini mle ndani.”

“Kamuulize. Na ukiona haifai, siku hiyo kohoa, sema ‘nashukuru, mfalme,’ watu watacheka, mchezo utaendelea. Mimi Ijumaa nitapanda jahazi la Abdulqadir, na sitakulaumu. Hilo ni deni langu, si lako.”

“Sijasema ndiyo, Hadia.”

“Usiseme leo. Wala usiniambie mimi. Mwambie baba.”

*

Siku ilipofika, baada ya sala ya alasiri, uwanja wa skuli ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya ukuta. Wanaume mbele, wanawake kando nyuma ya mikeka iliyosimamishwa, na katikati, peke yake kwenye kiti chenye mikono, Bwana Disii na soksi zake ndefu. Kando ya kiti chake alikaa khatibu wa msikiti, Shekhe Hadi, mtu mpole, muoga, aliyekuwa akila kwa Bwana Shekhan kila Ijumaa na kumwitikia kila kitu.

Hadia hakuona ila vivuli. Alimsikia Jeilani akivuka bahari zake saba. Aliwasikia wanawake wakivuta pumzi. Yeye naye akasema ya kwake. Kisha viatu vya mlio vikapanda jukwaani.

“Kabla sijasema,” Bwana Shekhan alianza, akiwageukia watu, “nataka ijulikane. Mimi ni Shekhan bin Famau. Siigizi. Nimekaa hapa kwa sababu sauti hii mnayoisikia ni ya mwanangu, na hana baba mwingine.”

“Naam, Bwana Shekhan!” watu wakaitika.

“Haya. Wewe kijana. Nimekuoza binti yangu, kwa mahari ya kikuku cha fedha.”

Kivuli cha Jeilani kilisimama. Kikazidi kusimama. Hadia alingoja kikohozi. Alilisikia dawati likilia chini ya mtu, na mbele, kwenye umati, mtu mmoja akapiga kelele, “Sultani kameza ulimi!” Kicheko kikapanda na kushuka.

Aliposema, hakusema kwa sauti ya Sultani. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya mwana wa Batuli.

“Nimekubali kumwoa binti yako, kwa mahari hayo.”

Kwenye karatasi ya Mwalimu, hapo Zuhura alikuwa alie kwa furaha. Hadia hakulia. “Nimesikia,” akasema, na watu wakapiga makofi na vigelegele, na Bwana Disii naye akapiga, mikono juu, kama alivyofundishwa kuwapigia wenyeji.

Makofi yalipopungua, pakabaki mtu mmoja amesimama. Shekhe Hadi alikuwa akipangusa shingo kwa ncha ya kilemba.

“Bwana Shekhan,” akasema. “Una mabinti wangapi?”

“Mmoja! Kijiji kizima chajua. Kaa, shekhe, mchezo haujesha.”

“Na umesema huigizi.”

“Nimesema, na nasema tena.”

“Basi...” Shekhe Hadi alitazama huku na huku, akitafuta mtu wa kumsaidia, asimpate. Ungemhurumia. “Bwana Shekhan, umemwoza.”

“Nimemwoza nani?”

“Hadia. Umemwoza huyu kijana. Kuoa hakuna mzaha, nasi tulifunzwa chuo kimoja mimi na wewe. Laiti ungalisema maneno ya Mwalimu, ningalisema umesoma ya mtu. Umeyakataa. Umesema yako. Mashahidi ni sisi sote.”

Uwanja ulinguruma. Watu walisimama, wengine wakicheka, wengine wakisoma istighfari. Bwana Shekhan alikuwa akipiga kelele kwamba haiwezekani, kwamba hakuna kufu, hawalingani kwa ukoo, kwamba huyu ni mjukuu wa mtumwa. Na Shekhe Hadi akazidi kujibu kama mtu aliyekwisha kulowa haogopi tena mvua: kufu ni haki ya baba, na baba ameiacha kwa ulimi wake mwenyewe mbele ya serikali.

“Wanasema nini?” Bwana Disii akamuuliza Mwalimu Wazir kwa Kiswahili chake cha vitabuni.

“Sehemu ya pili, Bwana,” akasema Mwalimu, jasho likimtoka.

“Ah! Ni nzuri kuliko ya kwanza.”

Bwana Shekhan akamrukia Jeilani, akamshika ukosi. “Basi mwache! Sema umemwacha! Hujaingia kwake, hana eda, Ijumaa yangu iko palepale. Neno moja tu, mjinga wewe. Ukilisema, wewe na mamako mtakaa shambani kwangu mpaka kufa. Usipolisema, kesho asubuhi makuti yenu yako chini.”

Jeilani alikuwa akitazama upande wa wanawake, na kutoka nyuma ya mikeka akainuka mama yake, Batuli, mwembamba, ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka ungali unaning’inia mkononi.

“Bwana Shekhan! Makuti yale niliyasuka mimi. Ukiyaangusha nitayaokota. Miaka arobaini naangua nazi zako. Usimtishe mwanangu kwa nyumba niliyoijenga kwa vidole vyangu.” Kisha, kwa mwanawe: “Nilikwambia jana, sirudii.”

Mmoja wa wanawake akapiga kigelegele. Mwingine akamziba mdomo, naye akampigia hapo hapo ndani ya kiganja.

“Nataka kumsikia yeye,” akasema Jeilani. Akageuka kwenye pazia. “Hadia.”

Hakukuwa na Bi.

Hadia alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Aliogopa, na asikuambie mtu kwamba hakuogopa. Akaliinua pazia akatoka, buibui kichwani, uso wazi. Wazee wengine wakatazama chini. Wengine hawakutazama chini, na kesho yake ndio waliosema sana juu ya kuona haya.

“Rudi ndani, mwanangu,” alisema Bwana Shekhan, na kwa mara ya kwanza sauti ilimkatika. “Rudi. Tutayamaliza nyumbani.”

“Nyumbani yalikwisha kumalizwa, baba, mimi nikiwa nimeshika chungu.” Alivuta pumzi. “Uliniambia baba humwoza mwanamwali wake bila kumuuliza. Haya. Kama waweza, basi umeniozesha leo, na mume wangu ni huyu. Kama huwezi mpaka uniulize, basi niulize sasa hivi, hapa, nami nitakujibu kuhusu Bwana Abdulqadir ili watu wote wasikie. Chagua moja. Yote mawili huwezi.”

Bwana Shekhan akamtazama Shekhe Hadi, na Shekhe Hadi akatazama miguu yake.

Hadia akamgeukia Jeilani. “Na wewe usinichukue kwa huruma, wala kwa kumkomoa baba. Ukitaka kuniacha, niache. Nilikwambia sitakulaumu, na neno langu ni lile lile.”

“Bado nina hasira nawe,” Jeilani akasema. Watu walinyamaza ili wasikie. “Itachukua muda. Sikuoi kwa kuwa hasira imekwisha.”

“Najua.”

“Lakini simwachi.” Hilo alimwambia Bwana Shekhan, akiutoa mkono wake kwenye ukosi, kidole kimoja kimoja, bila kumsukuma. “Simwachi. Mwenye kutaka kuvunja, avunje.”

“Basi mimi sina binti!”

“Sasa hivi umemwambia shekhe unaye mmoja,” alisema Hadia, na kicheko kilichotoka nyuma ya mikeka ya wanawake kilikuwa kimengoja kwa miaka mingi kuliko umri wake.

Bwana Disii akasimama akapiga makofi. Aliandika kwamba watu wa Mbwajumali wana kipaji.

*

Bwana Shekhan alitimiza neno lake: kesho yake kibanda kikashushwa. Batuli akaokota makuti yake kama alivyosema, na Jeilani, Mwalimu Wazir na yule fundi cherehani wakayabeba mpaka uwanja wa Bi Kulthum, wakayainua tena. Hadia akahamia ndani kwa bibi yake; Jeilani akalala skulini kwa Mwalimu. Walikubaliana hawataingia nyumba moja mpaka wote wawili wamemaliza masomo, na Bi Kulthum akasema asiyeridhika na mpango huo aje wazungumze naye. Hakuja mtu.

Ijumaa jahazi la Bwana Abdulqadir lilitia nanga. Likakaa mpaka maji yakaanza kutoka, kisha likaondoka na masanduku yale yale liliyokuja nayo.

Siku Hadia aliporudi skuli, alipita barabara ya madukani, mchana kweupe, vitabu kifuani. Kwenye baraza la muuza kahawa walikuwapo wanaume watatu wanne, na mmoja wao, Bwana Amini, jamaa wa baba yake, mtu aliyekuwa amezoea kusema atakalo, akasema kwa sauti ya kutosha: “Yule apita, mke wa mtumwa.”

Hadia alikuwa amekwisha kuwapita. Alisimama. Akarudi, akasimama mbele yao, karibu sana hata Bwana Amini akalazimika kuinua uso kutoka kwenye kikombe.

“Mume wangu ana jina, Bwana Amini.”

“Mimi sikusema nawe.”

“Mimi nasema nawe. Jina lake nani?”

Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Bwana Amini akatabasamu kwa wenzake, wenzake wakawa wanatazama barabarani. Hadia hakuondoka. Kengele ya skuli ililia, na bado hakuondoka.

“Jeilani,” akasema Bwana Amini.

“Haya,” Hadia akasema, akaenda darasani.